Kioo au nukta? Hesabu mbili za kupigia ukingo kwenye meza ya pool

Mpira mweupe umekaa nyuma ya mipira miwili ya mwenzako. Wa kwako uko ng'ambo ya meza na njia ya moja kwa moja haipo. Usipougusa ni faulo, na mbele ya mchezaji anayejua kazi yake, faulo moja inatosha kumaliza mchezo. Hapo ndipo wachezaji wanapoachana. Wa kwanza anakunja uso, anapima kwa macho, anapiga na kumwachia Mungu. Wa pili analaza fimbo juu ya ukingo na kuihamishia shabaha yake nje ya meza, kana kwamba ukingo ni kioo. Wa tatu anahesabu nukta, vile vidoa vilivyopachikwa kwenye mbao, ananong'ona "tano toa tatu, mbili", kisha anapiga kwa utulivu unaoudhi.

Wa kwanza namwacha, maana jicho halifundishwi kwa maandishi. Hawa wawili waliobaki wote wanafanya hesabu, ila hesabu zao hazifanani, na anayeanza kujifunza huwa hajui ashike ipi. Nimezitumia zote mbili, nimeshinda na kuaibika kwa zote. Kwa aliye na haraka: kama unacheza kwenye meza za sarafu za baa, leo hapa kesho kule, anza na kioo. Kama una meza moja kubwa, nzuri, unayoirudia kila wiki, na unataka kupiga kingo tatu, jifunze nukta. Mwenye nafasi asome sababu, kwa sababu kila njia ina uongo wake, na anayechagua kwa kweli anachagua uongo upi anaweza kuurekebisha akiwa amesimama pale mezani.

Kioo

Kanuni ni ile ya shule: mwanga ukigonga kioo, pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka. Heron wa Alexandria aliieleza zamani kwa hoja ambayo mpaka leo haijazeeka: kati ya njia zote za kutoka kwenye kitu, kugusa kioo na kufika jichoni, mwanga unapita iliyo fupi kuliko zote. Kwenye meza, hoja hiyo inageuka kuwa kitendo. Chukua mpira unaoutaka, uvushe kwa mawazo nje ya meza, umbali uleule kutoka kwenye ukingo lakini upande wa pili. Lenga pale. Mpira mweupe utagonga ukingo njiani, utageuka, na utaufikia mpira wa kweli.

Kwa vitendo ni kazi ya fimbo. Unapima kutoka kwenye mpira hadi kwenye ukingo, unaitelezesha fimbo nje kwa urefu huohuo, halafu unatafuta alama ya kushika jicho: mguu wa kiti, kona ya kigae, doa ukutani. Alama iwe ya kudumu. Niliwahi kulenga chupa ya soda iliyokuwa juu ya meza ya jirani, na nilipoinama kupiga, mwenye soda akaichukua akanywa.

Anayependa namba anaweza kuacha alama na kutumia uwiano. Tuseme mpira mweupe uko sentimita 30 kutoka kwenye ukingo, unaoulenga uko sentimita 60, na ukipima sambamba na ukingo kati yao kuna sentimita 90. Jumla ya 30 na 60 ni 90, na 30 ni theluthi yake. Basi pa kugonga ni theluthi ya njia, yaani sentimita 30 kutoka usawa wa mpira mweupe. Kingo mbili? Unaweka taswira ya taswira: unakunjua meza mara mbili kama karatasi, shabaha inaenda mbali zaidi, lakini mstari wa kulenga unabaki kuwa mmoja na umenyooka. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Njia iliyovunjikavunjika juu ya meza inakuwa mstari mnyoofu kwenye ramani iliyokunjuliwa.

Shukuru tu kwamba kingo zako zimenyooka. Meza ingekuwa duara, ungekuwa umeangukia swali lililomshughulisha Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Kairo karne ya 11: ukipewa kioo cha mviringo, jicho na kitu, mwanga utagonga wapi? Alilitatua kwa kutumia mikato ya koni, yaani mistari iliyopinda unayoipata ukikata koni. Kwa rula na bikari peke yake halitatuliki. Peter Neumann wa Oxford alitoa uthibitisho wake mwaka 1997. Kwenye meza ya mstatili, mtoto wa darasa la saba anamaliza kwa fimbo.

Faida ya kioo, kwa hiyo, ni kwamba hakuna cha kukariri. Kinafanya kazi mpira mweupe ukiwa popote, meza ikiwa ya ukubwa wowote, vidoa viwepo visiwepo. Walioanza na keram wanakijua hata kama hawajawahi kukiita hesabu. Na kule kwenye keram kinasema kweli zaidi, kwa sababu kete inateleza kwa tumbo, haibingiriki. Sababu ya hilo kuleta tofauti inakuja chini kidogo.

Nusu mpira inayokula mpira mzima

Kabla ya kuulaumu ukingo, kuna kosa la mchezaji mwenyewe, na karibu kila anayetumia kioo kwa mara ya kwanza analifanya. Mpira wa pool wa Kimarekani una kipenyo cha milimita 57.15. Kitovu chake hakifiki kwenye ukingo hata siku moja. Kinageuka kikiwa bado milimita 28.6 mbali, kwa sababu ngozi ya mpira ndiyo inayogusa kwanza. Sasa wewe umepima kila kitu kutoka kwenye ncha ya ukingo, yaani mdomo wa raba unaoguswa na mpira. Umeweka kioo mahali pasipo pake.

Nusu mpira inaonekana kitu kidogo. Lakini kioo kikisogea kwa nusu mpira, taswira iliyo nyuma yake inasogea mara mbili ya hapo, yaani mpira mzima. Rudi kwenye mfano wetu wa sentimita 30, 60 na 90. Ukilenga ncha ya ukingo pale kwenye sentimita 30, mpira mweupe ukirudi hadi usawa wa shabaha utakuwa sentimita 5.7 nyuma yake, ukipima sambamba na ukingo. Kwa bahati utaukwaruza ubavuni, kwa bahati mbaya zaidi utaupeleka shimo usilolitaka. Dawa ni kuhesabu kutoka kwenye mstari wa kufikirika unaopita nusu mpira ndani ya ncha. Hapo jibu linabadilika: ulenge karibu sentimita 32 badala ya 30. Sentimita mbili tu, na ndizo zinazotenganisha kuugusa mpira na kuupiga katikati.

Kwenye meza za mtindo wa Kiingereza zenye mipira ya milimita 51 kosa hili linapungua kidogo, ila haliondoki. Ukikuta mpira mweupe umefanywa mdogo kuliko mingine ili mashine ya sarafu iutambue, tumia nusu ya huo mweupe, maana ndio unaogonga.

Ukingo si kioo

Umesahihisha nusu mpira, umepiga, na bado umekosa. Sasa unaweza kuulaumu ukingo, kwa haki.

Mwaka 1835 Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis, yuleyule ambaye jina lake linatajwa katika habari za pepo na mikondo ya bahari, alichapisha utafiti mzima wa hisabati juu ya biliadi. Mengi tunayoyajua kuhusu mpira unaoteleza na mpira unaobingirika yanaanzia huko. Mpira ukipigwa katikati kabisa unaanza kwa kuteleza bila kubingirika. Msuguano wa kitambaa unaushika, unaanza kuzunguka, na unapofikia kubingirika kikamilifu kasi yake imebaki 5/7 ya ile ya mwanzo. Ukitaka ubingirike tangu mwanzo, upige kwenye 7/10 ya urefu wake kutoka kwenye kitambaa.

Mpira ukifika kwenye ukingo ukiwa unabingirika, unabeba mzunguko wa mbele. Ukingo unageuza mwendo, lakini mzunguko haugeuki wote. Mpira sasa unatoka ukingoni huku bado unazunguka kana kwamba unataka kurudi ukingoni. Mzunguko huo unakula ile sehemu ya kasi inayouondoa mpira ukingoni, na kuiacha karibu nzima ile inayokwenda sambamba nao. Matokeo ni njia inayolala: mpira unatoka kwa pembe pana kuliko kioo kinavyosema, na unafika mbele ya shabaha. Mafundi wanasema umekuwa mrefu. Ukipiga kwa nguvu, mpira ukafika ukiwa bado unateleza, raba inabonyea zaidi na mpira unatoka kwa pembe iliyosimama. Umekuwa mfupi. Kete ya keram haina mzunguko wa mbele, ndiyo maana haina tatizo hili.

Ongeza msokoto wa pembeni, ule wa kuupiga mpira kushoto au kulia kwa kitovu, na mambo yanazidi. Msokoto unaokwenda na mpira unaurefusha, unaokwenda kinyume unaufupisha. Tena raba ya ukingo yenyewe inazeeka, na kitambaa kilichomwagiwa bia si kile cha kiwandani. Hata kimo cha ukingo kimepimwa: kanuni za vifaa za WPA, chombo cha dunia cha mchezo huu, zinataka ncha ya ukingo iwe kwenye takriban asilimia 63.5 ya urefu wa mpira, juu ya kitovu, ili mpira ubanwe usiruke. Ukingo uliolegea au kuinuka kidogo unabadilisha kila kitu.

Lakini angalia: uongo wa kioo una mwelekeo. Ukipiga polepole, mpira unarefuka. Ukipiga kwa nguvu, unafupika. Huhitaji kujua kiasi gani kwenye meza ya ugenini kabla ya kucheza, unahitaji kujua upande gani, halafu shoti mbili tatu zinakuambia kiasi.

Nukta

Sasa wale wanaonong'ona. Uwanja wa meza ya pool una uwiano wa 2 kwa 1. Meza ya futi 9 ina sentimita 254 kwa 127 kati ya ncha za kingo. Vidoa vilivyopachikwa kwenye mbao vinaigawa mbao ndefu katika nafasi 8 na fupi katika nafasi 4, kwa hiyo kwenye meza hiyo kila nafasi ni sentimita 31.75, mbao zote. Wengi wanadhani ni urembo. Ni rula.

Mfumo maarufu kuliko yote unaanzia kwenye kona, na kona inaitwa 5. Ulitoka kwa wachezaji wa biliadi isiyo na mashimo, ile ambayo mpira wako lazima uguse kingo tatu kabla ya kumaliza kazi, na bingwa wa Marekani Willie Hoppe aliueneza kwa maandishi mwaka 1941. Kanuni yake inaingia kwenye kiganja: namba ya unakotoka, toa namba unayoilenga kwenye ukingo wa kwanza, unapata namba utakayofikia kwenye ukingo wa tatu.

Simama kwenye kona. Ukingo wa kwanza ni mbao ndefu iliyo mbele yako, na nukta zake unazihesabu kuanzia mwisho wa mbali: 1, 2, 3, 4. Ukingo wa pili ni ule mfupi wa mbali. Wa tatu ni mbao ndefu ya upande wako, nao unauhesabu kuanzia mwisho uleule wa mbali. Tano toa tatu, mbili. Mpira ukiwa haupo kwenye kona, namba ya kuanzia inabadilika: ukipanda kwenye mbao ndefu inashuka nusu kwa kila nukta, 4.5, kisha 4, na kuendelea. Kwenye mbao fupi inapanda juu ya 5.

Kuna masharti, na ndiyo wanaoanza wanayoyasahau. Upige kwa msokoto unaokwenda na mpira, si kinyume. Kasi iwe ya wastani. Na ulenge nukta yenyewe ilivyo kwenye mbao, si sehemu ya ncha iliyo mkabala nayo. Ukivunja sharti moja, utoaji wako utakuwa sahihi na mpira hautajali.

Zinapokubaliana na zinapogombana

Hapa nilikaa chini na karatasi, maana nilitaka kujua kama nukta ni kioo kilichovaa nguo nyingine. Ukikunjua meza ya 8 kwa 4 kwa kioo kitupu, bila msokoto na bila kujali unene wa mpira, ukatoka kona na kulenga namba fulani, utafika kwenye ukingo wa tatu kwenye 8 toa mara mbili ya namba hiyo. Mfumo wa nukta unasema 5 toa namba hiyo. Ziweke pamoja:

| Unalenga | Kioo kinasema | Nukta zinasema |
|---|---|---|
| 4 | 0 (kona) | 1 |
| 3.5 | 1 | 1.5 |
| 3 | 2 | 2 |
| 2.5 | 3 | 2.5 |
| 2 | 4 | 3 |

Zinakutana mahali pamoja tu, kwenye 3. Ndiyo sababu mfano wa "tano toa tatu" unaonekana kama muujiza: hata asiyejua msokoto anaweza kukaribia. Ukienda kando ya hapo, zinaachana kwa nusu nukta, kisha nukta nzima. Kwenye meza ya futi 9 nukta nzima ni sentimita 31.75, karibu mipira sita ikipangwa.

Sikuamini macho yangu kwa dakika chache. Kumbe nukta hazitokani na kanuni ya mwanga hata kidogo. Zimetokana na watu waliopiga maelfu ya shoti kwenye meza nzuri, kwa msokoto uleule na kasi ileile, wakaandika mpira ulikotua, kisha wakatafuta utoaji mwepesi unaokaribia waliyoyaona. Ni kipimo kilichogeuzwa kuwa kanuni. Uongo wote wa ukingo, ule nilioueleza kwa aya nzima hapo juu, umeshalipiwa ndani ya ile 5.

Angalia tena jedwali. Upande wa kioo, ukikosea shabaha kwa nusu nukta, mpira unatua nukta nzima kando. Upande wa nukta, ukikosea nusu, unatua nusu. Msokoto unaokwenda na mpira unazisawazisha pembe zikifika kwenye ukingo wa tatu, kwa hiyo makosa ya mkono hayakuzwi sana. Kwa kingo tatu, hii ni faida kubwa kuliko watu wanavyoisema, na kwa maoni yangu ndiyo sababu pekee ya kutosha ya kuhangaika kuzijifunza.

Swali la mzee

Lakini ule uongo wa ukingo umelipiwa kwenye meza fulani. Jioni moja nilikuwa nimetoka kufanya vizuri kwenye meza mpya ya rafiki yangu, nikaenda na kiburi changu kwenye baa ya mtaani. Nikatoka kona, tano toa mbili, tatu, nikapiga. Mpira ukapita mbali. Nikarudia, ukapita vilevile. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hizo namba umezipata wapi?"

"Kwenye nukta, mzee."

"Za meza ipi?"

Sikuwa na jibu. Ile meza ilikuwa ya futi 7, raba imekufa upande mmoja, na nukta mbili zilikuwa zimeng'oka zikazibwa kwa gundi. Mzee alichukua fimbo, akalenga kwa kioo, akaongeza upana wa vidole viwili, akaugusa mpira wangu. Vidole viwili alivijua kwa sababu alikuwa amecheza hapo wiki nzima.

Kwa hiyo nukta zinadai meza iliyotunzwa. Zinadai nukta zenyewe ziwepo. Meza nyingi za mtindo wa Kiingereza hazina. Zinadai pia mkono unaoweza kurudia msokoto uleule mara kumi. Asiye na mkono huo atapata majibu kumi tofauti kutoka kwa utoaji mmoja, kisha ataulaumu mfumo.

Kuzipima si ghali, hata hivyo. Ukifika kwenye meza mpya, toka kona, lenga 3, utazame inatua wapi. Ikitua kwenye 2, endelea. Ikitua nusu nukta kando, kumbuka ni upande gani na urekebishe shabaha kabla ya kila shoti. Kwa kioo kipimo ni chepesi zaidi: toka kona, lenga nukta ya 2 kutoka upande wako kwenye mbao ndefu ya mbele, kioo kinasema mpira urudi mbao ya upande wako kwenye nukta ya 4, yaani penye shimo la katikati. Piga polepole, halafu kwa nguvu. Tofauti ya hizo mbili ndiyo tabia ya ukingo ule.

Kama njia ya moja kwa moja ipo

Neno la haraka kwa wanaopenda ukingo kwa sababu unapendeza machoni. Hesabu ya makosa haicheki. Mpira mweupe ukiwa mita 1 kutoka kwenye mpira unaolengwa, na shimo likiwa mita 1 mbele kwa mstari mmoja, kukosea mwelekeo wa fimbo kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja kunaupeleka mpira karibu nyuzi 1.75 kando. Ukifika shimoni umehama sentimita 3. Shimo la kona la meza ya futi 9 lina upana wa takriban mipira miwili, kwa hiyo nafasi ya kila upande ni kama sentimita 2.9. Umegonga mdomo wa shimo.

Maana yake mgongano mmoja wa mipira kwa umbali huo unalikuza kosa mara 17 na zaidi. Mpira ukigonga mpira unaogonga mpira, kwa umbali kama huo, unazidisha tena na kufika mara 300. Ukingo mmoja haukuzi hivyo, ila unaongeza uongo wake mwenyewe. Kama kuna mwanya wa moja kwa moja, hata mwembamba, upige, na ukingo uache kwa siku ya dhiki.

Basi uchague ipi

Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza: kioo, na urekebishe nusu mpira tangu siku ya kwanza kabla mazoea mabaya hayajaota mizizi. Ukingo mmoja tu. Piga kwa kasi moja unayoweza kuirudia, ya kati, usibadilishe mpaka ujue meza inakorefusha.

Anayezunguka mitaani kwenye mashindano ya baa: kioo tena, pamoja na vipimo vile viwili kabla ya mchezo kuanza. Kama wenyeji wanakukatalia shoti za majaribio, watazame wao wakipiga. Ukingo unasema siri zake kwa kila mtu.

Mwenye klabu yenye meza ya futi 9, kitambaa safi na raba inayoitika: nukta kwa kingo mbili na tatu, kioo kwa ukingo mmoja. Usipige ukingo mmoja kwa namba za kingo tatu. Nimeona watu wakifanya hivyo na kushangaa.

Anayependa biliadi isiyo na mashimo hana la kuchagua. Nukta ndiyo lugha ya mchezo ule, na atahitaji mifumo mingine kadhaa juu ya huu.

Na mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa darasani achukue kioo, kwa sababu kinathibitishika ubaoni kwa mistari miwili na pembetatu zinazofanana. Halafu wiki inayofuata awapelekee wanafunzi lile jedwali na kuwauliza kwa nini zinakutana kwenye 3 peke yake. Wakipata kwamba 8 toa mara mbili ya namba ni sawa na 5 toa namba pale tu namba ikiwa 3, wawekee mpira mezani wajaribu na 2.